Mashine Tuliyoifundisha Kuitikia

Mnaponikuta barazani kwangu hapa Kanoni nachambua maharage, vijana, mnanisalimia vizuri, shikamoo bibi, kisha mnarudi kwenye mazungumzo yenu ya kompyuta kwa sauti ya chini, kana kwamba mnanionea huruma. Nawasikia. Macho yameanza kunisaliti lakini sikio langu bado ni zima, maana lilifunzwa kwa wembe.

Kabla hamjazaliwa nilikuwa nakata utepe wa sauti katika studio moja ya mjini. Mtangazaji akikohoa katikati ya habari, unauvuta utepe mbele na nyuma polepole mpaka ukisikie kikohozi chake, unakikata kwa wembe, unaunganisha ncha mbili kwa karatasi ya gundi. Ukikata mapema umekula neno la mtu. Ukichelewa umeacha pumzi yake inaning'inia. Baadaye zikaja kaseti, zikaja diski, ikaja kompyuta, nami nikarudi nyumbani kufanya kazi katika kituo kidogo cha redio kule Nkwenda, mpaka nilipostaafu juzi juzi. Siku hizi mnakata sauti kwa kidole huku mnatafuna karanga. Haya, nawatania tu.

Nataka kuwaeleza kazi moja, ile ya kumuunganisha Msomaji wa Mwalimu Venanti na kihariri. Ilinichosha kuliko zote, na ndiyo ninayoikumbuka nikiwa peke yangu.

Mwalimu Venanti alikuwa fundi mitambo wa kituo. Kufundisha alishaacha zamani, jina likabaki. Wazazi wake walitoka Burundi wakaja kuchuma kahawa katika mashamba ya watu huko Nyakatuntu, naye akazaliwa hapo, akasoma hapo, akamwoa Domitila hapo hapo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kulifikiria swali lako hadi ukasahau uliuliza nini. Kompyuta alinifundisha yeye, kuanzia kuiwasha mpaka kuandika programu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na hakuna hata siku moja aliyonifanya nijione nimechelewa.

Programu ya kupangia matangazo tuliyoikuta kituoni ilikuwa ya Kizungu. Watangazaji wetu wengi Kiswahili chenyewe walikikuta shuleni, nyumbani kwao ni Kinyambo au Kihaya. Basi wakawa wanabonyeza wasichokielewa, mpaka Jumapili moja Misa ikakatwa katikati na tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Padri alicheka. Mkuu wa kituo hakucheka. Ndipo Mwalimu akatunga lugha yake ndogo ya kompyuta, akaiita Ratiba. Unaandika kwa maneno ya kawaida: CHEZA wimbo huu, SOMA habari hii, saa fulani, MWISHO. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na programu inayoyasoma neno kwa neno na kuyageuza kuwa amri za mtambo. Waliosoma wanaiita kichanganuzi. Sisi tuliiita Msomaji, na tulimzungumzia kama mtu.

Sehemu nzito ya Ratiba ilikuwa tanzia. Ninyi mna simu, lakini mnajua wenyewe mabonde yetu, simu haishiki mpaka upande juu ya mgomba, na redio inashika. Mtu akifariki Kanoni, ndugu zake wa Nyakatuntu na wa ng'ambo ya mpaka wanasikia redioni mazishi ni lini. Kwa hiyo tanzia ilikuwa na mpango wake. Kwanza neno TANZIA lenyewe, kisha MAREHEMU na jina lake, kisha MAZISHI, siku na mahali, kisha ZIWAFIKIE, na hapo ndipo yanapokaa majina: habari ziwafikie fulani wa Nkwenda, na fulani wa Kanoni, na fulani wa wapi. Wengi wanaotajwa huwa wameshajua. Wengine wamekaa hapo hapo msibani wanakunywa uji. Wanatajwa hata hivyo. Ukitajwa, wilaya nzima imeambiwa kwamba marehemu alikuwa wako, na ukiachwa, hilo nalo limesemwa. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa jina moja lililosahauliwa.

Siku moja mtangazaji aliandika tanzia mbio mbio, akasahau kufunga kwa neno MWISHO. Msomaji wa siku zile alikuwa na tabia mbaya. Akikwama mahali anaruka kipande chote na kuendelea na kinachofuata, kana kwamba hakuna aliyekufa. Ukapigwa wimbo. Baada ya mazishi akaja kituoni mtu wa makamo, akiitwa Kamugisha, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Aliyezikwa alikuwa baba yake mzazi. Yeye alikuwa amekwenda kulima vibarua katika bonde la mbali, na redio ilikuwa inaongea kutwa nzima pembeni ya jembe lake. Tukajiandaa kutukanwa. Mtu yule akaketi.

"Sikuja kugombana, waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Naomba mnisomee tu lile tangazo. Nisikie lilivyokuwa."

Mtangazaji akamsomea pale pale ofisini, bila mtambo. Lilipofikiwa jina lake, Kamugisha akaitika, "Eee," akainamisha kichwa. Likaisha, akashukuru, akaondoka na viatu vyake mkononi. Mwalimu Venanti hakula siku hiyo. Alikaa akamrekebisha Msomaji asiruke kitu tena kamwe. Akikuta kosa, asimame hapo hapo, apige kelele, na ratiba yote isiende hewani mpaka mtu aje aitengeneze. Likumbukeni hilo, maana lilikuja kutugombanisha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mwalimu aliumbuliwa na kikombe cha chai. Nilimwona anakiweka mezani, taratibu kabisa, nje ya meza. Nikadhani bahati mbaya. Siku nyingine akampita mkuu wa kituo mlangoni bila salamu, yeye ambaye alikuwa anasalimia hata mbuzi. Nilipomshika mkono na kumuuliza, akaniambia ana presha ya macho, na kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi. Dawa itachelewesha kilichobaki, basi.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwema, sitaki mumfikirie vibaya. Alimwita, mimi nikiwepo.

"Mwalimu, umekifanyia kituo hiki kazi kubwa. Sasa pumzika."

"Nikipumzika, Ratiba ataitunza nani?"

"Tutatafuta programu nyingine."

"Ya Kizungu?"

Mkuu akatazama dirishani. Akasema masika ikiisha atakuwa na kikao na wenye kituo. Kama kufikia hapo Mwalimu ataweza kuandika ratiba ya siku mwenyewe, bila mtu wa kumsomea kioo cha kompyuta, abaki. Kama hawezi, aende nyumbani kwa heshima.

Tukatoka nje. Kulikuwa na manyunyu. Mwalimu akasimama chini ya upenu, uso kaugeuzia barabara ya kwenda mpakani, ingawa sijui alikuwa anaona nini huko.

"Tina," akaniambia, maana Adventina aliliona refu, "upofu nimeshaukubali. Ninachokiogopa ni kukaa nyumbani Nyakatuntu nasikia redio inakosea msiba wa mtu, na mimi siwezi kuinua hata kidole."

Nilimpenda mzee yule kama kaka yangu wa tumbo moja. Nikamwambia tutafanya. Sikujua tutafanyaje.

Sasa sogeeni, hapa ndipo penye kazi. Kompyuta tayari ilikuwa na programu ya kusoma kioo kwa sauti, ile inayotamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Iliweza kusoma maandishi. Haikujua maana yake, wala kama Ratiba imeandikwa sawasawa. Anayejua hilo alikuwa Msomaji peke yake. Lakini Msomaji alikuwa mtu wa kuitwa. Unamaliza kuandika, unamwita, anasoma kutoka juu, akikutana na kosa la kwanza anapiga ukelele na kufa palepale. Unarekebisha, unamwita tena, anafia kosa la pili. Mwenye macho anavumilia. Asiye na macho atazeeka kabla ya taarifa ya habari.

Nikafikiria kihariri, ile programu tunayoandikia. Vihariri vya kisasa vimeacha mlango wazi kwa watu kama sisi. Unaandika plagini, programu ndogo inayoingia kuishi ndani yake, na kihariri kinaiambia kila kinachotokea: faili limefunguliwa, herufi imeongezwa, mtu amehamia mstari mwingine. Plagini inampelekea Msomaji maandishi, Msomaji anajibu, nayo inakuwekea mstari mwekundu chini ya kosa wakati bado unaandika. Kwa maneno mengine, nilitaka kumtoa Msomaji huko alikokuwa akiitwa, nimweke kwenye kigoda karibu na mwandishi.

Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, marefu, yaliyoandikwa na watu wanaodhani unajua tayari. Kuuliza si ujinga, lakini ukiwa Nkwenda utamuuliza nani? Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu. Mwalimu alikuwa anakaa pembeni, ananiambia Msomaji amejengwa vipi ndani, na mimi naandika.

Jambo la kwanza lililotushinda ni hili, nanyi litawashinda. Sentensi inayoandikwa ni kosa mpaka imalizike. Mwalimu aliandika herufi tatu za kwanza za TANZIA, na sauti ikaruka: "Kosa, mstari wa kwanza." Akaongeza herufi moja. "Kosa, mstari wa kwanza."

"Tina, huyu mtu hana adabu," alisema. "Sijafungua kinywa ananikosoa."

Tukacheka, kisha tukamfundisha Msomaji kungoja mpaka mstari ufike mwisho. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa kumzuia asife. Mtu anapoandika, huenda mstari wa pili una kosa na wa tano pia, na anahitaji kujua yote mawili. Nikapendekeza Msomaji akikuta kosa aweke alama, atafute neno kubwa linalofuata, ZIWAFIKIE au MWISHO, aanze upya kutoka hapo. Mwalimu akakataa. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Umemrudisha yule aliyemruka baba yake Kamugisha."

"Huyu haruki, Mwalimu. Anaweka alama."

"Anaendelea mbele na nyuma kuna maiti haijatangazwa. Unaita nini hicho?"

Hatukusemeshana siku nzima, kila mtu na kompyuta yake, mvua inapiga bati. Kesho yake alikuja amelowa, akakaa, akaniambia kama vile tulikuwa katikati ya maongezi: "Awe na tabia mbili. Ndani ya kihariri avumilie, kwa sababu mtu bado anafikiri. Kwenye mlango wa mtambo asivumilie hata nukta." Tukafanya hivyo hivyo. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na sijapata kanuni nzuri kuliko hiyo, hata kwa kulea watoto.

Lilikuwepo na la kuchekesha. Msomaji alihesabu mistari kuanzia moja, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Kihariri kinahesabu kuanzia sifuri. Kwa hiyo kosa likiwa kwenye jina la marehemu, wekundu unakaa chini ya mazishi, jirani asiye na hatia. Nikapunguza moja upande wangu. Kumbe na Mwalimu kimya kimya amepunguza moja upande wake, wekundu ukapanda juu, ukamkamata jirani wa pili. Tulizungushana asubuhi nzima kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyekosea. Kabla ya kurekebisha, vijana, kubalianeni nani anarekebisha.

Basi, ikafika siku plagini inafanya kazi. Makosa yanaonekana yalipo, yote, na ukibonyeza kitufe sauti inakutajia. Watangazaji wakafurahi, wakanipigia makofi. Nami nikafurahi, mpaka nilipomtazama Mwalimu akiandika.

Anaandika mstari mmoja, anasimama. Ananyanyua kichwa.

"Upo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza huyu."

Mwenye macho asipoona wekundu anajua mambo ni shwari. Mwenye kusikia akisikia kimya hajui chochote. Huenda mstari uko sawa, huenda Msomaji amekwama, huenda umeme umekatika. Mwalimu akawa kila baada ya mstari anaiamuru ile sauti ya kiazi cha moto imsomee tena kila kitu kuanzia juu. Tanzia moja ilimla saa nzima. Nikaweka plagini itangaze kila mstari: "Mstari wa pili, sahihi. Mstari wa tatu, sahihi." Akaisikiliza kidogo, akavua spika za masikioni.

"Kama niko mpakani nakaguliwa mzigo," alisema.

Masika ilikuwa inaondoka. Asubuhi ukungu ulianza kubaki mabondeni tu, na vilele vya vilima viko wazi. Kioo alikuwa anakisogelea mpaka pua inakigusa, kisha akaacha kukisogelea. Nilianza kumwogopa mkuu wa kituo, nikawa nampita kwa nyuma ya jengo. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Mchana mmoja Domitila akampigia simu. Mwalimu alikuwa anaweka spika ya nje, kwa kuwa kuipapasa simu ilikuwa shida. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo nakula ndizi zangu na maharage.

"Fundi wa paa nimempata," Mwalimu alisema.

"Mm," simu ikaitika.

"Tutakuja naye Jumamosi."

"Mm."

"Atalala kwa Kasiano hapo jirani, maana kwetu panavuja."

Simu ikanyamaza. Haikukatika, nilikuwa nasikia kuku wa Domitila wanalia. Mwalimu akajirudi.

"Aa, Kasiano ana wageni wa mahari. Basi fundi atalala kwetu, chumba cha mbele."

"Eee," Domitila akasema, ndefu, ya kumaliza neno.

Kijiko kilibaki hewani. Nimekulia katika nyumba hizi hizi. Baba yangu akisimulia, mama alikuwa anamwitikia kila kituo, mm, mm, na neno likikamilika anasema eee. Baba akikosea, mama hakusema umekosea, ingekuwa aibu mbele ya watoto. Aliacha tu kuitikia. Baba alikuwa anausikia ule ukimya kama mtu anayekanyaga ngazi isiyopo, anarudi nyuma kutafuta alipopotea, anajirekebisha, na maongezi yanaendelea. Kila mtu huku anaongea hivyo. Sisi wawili tulikuwa tumekaa msimu mzima tunajenga mashine ya kumsikiliza Mnyakatuntu, na tuliifundisha kuwa kimya akisema kweli na kupiga kelele akikosea. Tuliijenga kinyume cha nyumba zetu.

Nilipomweleza Mwalimu, alilifikiria, kama kawaida yake, hadi ndizi zikapoa. Kisha akasema, "Mtu wa kuitikia ni mmoja tu."

Jumamosi nikafuatana nao Nyakatuntu, mimi na kinasa sauti, yeye na fundi wa paa. Domitila alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamsalimia, nikamweleza shida yetu, nikamwomba aseme mm, halafu aseme eee. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kucheza ngoma peke yake sokoni.

"Siwezi kuitikia hewa," alisema. "Mwambieni aseme kitu."

Mwalimu akavuta kigoda. Alifikiri kidogo, akaanza kumsimulia habari ya siku baba yake, kibarua wa kahawa asiye na shamba wala mgomba wa kwake, alipokwenda kwa baba yake Domitila kumposea mwanawe. Alivyokaa karibu na mlango. Alivyoletewa kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni, akaogopa kuichukua, akidhani ni ya wageni wakubwa. Domitila aliijua habari yote, bila shaka alishaisikia mara nyingi, lakini aliitikia, kisu kinaendelea kumenya. Mm. Mm. Fundi huko juu ya paa alikuwa amesita kugonga misumari. Mwalimu akafika mahali baba mkwe aliponyoosha mkono na kumpa yule kibarua kikapu cha kahawa kwa mikono yake mwenyewe, akasema hapa umefika. Domitila akaweka kisu chini.

"Eee," alisema.

Nilirudi Nkwenda na sauti ile, nikaikata. Kwa kompyuta, ndiyo, lakini niliitafuta mbele na nyuma kama utepe, mpaka mm ibaki mm bila kisu na bila jogoo, na eee ibaki na pumzi yake yote. Kisha nikabadilisha plagini. Mstari ukimalizika, Msomaji akiukubali, sauti ya Domitila inasema mm. Kipande kizima kikifungwa kwa MWISHO nacho kiko sawa, inasema eee. Kosa likitokea, kimya. Mwenyewe akitaka kujua kosa ni lipi, anabonyeza kitufe, anaambiwa. Asipouliza, haambiwi.

Masika ilipoisha, mkuu wa kituo alikuja kumpima Mwalimu kabla ya kikao chake. Mwalimu akaketi, uso kauelekeza dirishani, akawa anaandika tanzia iliyoletwa asubuhi, kwa kusomewa na mtangazaji, kwa kuwa karatasi za watu hazikuwa na sauti. Mm. Mm. Akaandika ZIWAFIKIE na majina. Kimya. Vidole vikasimama. Akarudi nyuma neno moja, mawili, akaongeza alama aliyoiruka kati ya jina na jina. Mm. Akaandika MWISHO.

"Eee."

"Nani huyo anayeitikia?" mkuu akauliza.

"Mke wangu," Mwalimu akajibu, wala hakugeuka.

Mkuu akaanza kucheka, akaacha. Alisimama pale mpaka ratiba yote ya siku ikaisha, kisha akamgusa Mwalimu begani na kwenda zake. Habari ya kununua programu nyingine sikuisikia tena.

Mwalimu Venanti alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Ni siku gani macho yalifunga kabisa, sijui, hakusema, na hakuna aliyeona tofauti katika kazi yake. Watangazaji wenye macho mazima nao wakaniomba niwawekee ile sauti, wakisema wanachoka kutazama kioo. Kwa hiyo ukipita kituoni asubuhi ungedhani Domitila ana dada zake kila chumba.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini, Mwalimu aliugua kifua, akalazwa, akafariki. Sina namna ya kulipamba hilo. Domitila alikuja mwenyewe kituoni kuleta tanzia, na kitenge cha msiba kiunoni. Hakuwa na karatasi, majina alikuwa nayo kichwani. Mtangazaji wa zamu akainuka akanipisha kiti, nikakaa kwenye kiti cha Mwalimu, Domitila pembeni yangu. Nikataka kuzima ile sauti, kwa kumhurumia.

"Iache," alisema.

Nikaandika TANZIA. Mm. Nikaandika MAREHEMU na jina lake. Mm. Domitila alitazama kile kisanduku cha sauti.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, dada."

"Nilikuwa na sauti nzuri," alisema, akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

Nikaandika mazishi, kesho, nyumbani kwake Nyakatuntu. Mm. Akaanza kunitajia majina. Wanawe, kila mmoja na alipo. Kaka yake Mwalimu aliyerudi Burundi. Shemeji wa Nkwenda. Kasiano, jirani. Na Kamugisha, yule yule, ambaye kumbe alikuwa anamtembelea Mwalimu kila mavuno na mkungu wa ndizi, wala sikujua. Niliandika yote, machozi yananidondokea mkononi, nikamaliza mstari.

"Mm," Msomaji akasema. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nikamsomea Domitila majina kutoka la kwanza mpaka la mwisho, nikangoja aitikie ili nifunge. Hakuitikia.

Nikatazama kioo. Hapakuwa na wekundu. Nikasoma tena, polepole. Domitila akanyamaza. Nikawapitia wote kichwani, wa kuumeni na wa kukeni, wa ng'ambo na wa hapa.

"Nimemwacha nani, dada?"

Alikuwa ananitazama usoni, kwa subira, mikono imelala mapajani, kama alivyokuwa akimngoja mumewe ajirudi mwenyewe. Ndipo nikaelewa. Nikarudi kwenye mstari wa majina. Baada ya jina la mwisho nikaandika: na Adventina wa Kanoni.

"Eee," Domitila akasema, kwa kinywa chake, kabla ya mashine.

Nikaandika MWISHO.